Vifaa vya umeme vya nyumbani ukiwa nchi nyingine: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa mtu anayefungasha begi huku akijiuliza kipi abebe na kipi aache. Kama huna muda wa kusoma yote, shika hili moja: kinachochaji kibebe, kinachotoa moto kiache. Katikati yake kuna vifaa vyenye mota, na hivyo ndivyo vyenye maneno mengi.

Nikishanunua adapta, si nimemaliza?

Bado. Adapta hubadilisha umbo la pini tu. Umeme unaotoka ukutani hupita ndani yake kama ulivyo, ukaingia kwenye kifaa chako kama ulivyo. Kama ukutani ni volti 230 na kifaa kimetengenezwa kwa volti 120, adapta nzuri kuliko zote sokoni haitakuokoa.

Mtego ni kwamba plagi ikiingia vizuri, mtu huamini kila kitu kimekubaliana. Zipo nchi ambako hata adapta huihitaji, na kifaa kitaungua vilevile. Ufilipino, Thailand, Vietnam na China zina soketi zinazopokea pini mbili bapa, zilezile za Marekani na Japani, ila umeme wake ni wa volti 220 au 230. Kikausha nywele cha Kimarekani kitaingia kwenye ukuta wa hoteli ya Manila bila kusukumwa, kitawaka kwa kishindo, halafu kitatoa harufu ya plastiki.

Kwa hiyo uliza kwa mpangilio huu: volti kwanza, hezi (mara ambazo umeme huenda na kurudi kwa sekunde) baadaye, plagi mwisho. Wengi huanza na plagi kwa sababu ndiyo inayoonekana.

Nchi gani zina volti ngapi?

Kuna makundi mawili. Kundi la chini ni volti 100 hadi 127: Japani 100, Taiwan 110, Marekani na Kanada 120, Mexico 127, pamoja na nchi nyingi za Amerika ya Kati na visiwa vya Karibi. Kundi la juu ni volti 220 hadi 240: Ulaya yote, sehemu kubwa mno ya Afrika, India, China, Korea Kusini, Australia na nchi za Ghuba. Tanzania ni 230. Kenya na Uganda ni 240.

Tofauti ndogo ndani ya kundi moja zisikunyime usingizi. Ulaya bara ilikuwa 220 na Uingereza 240, wakakubaliana kuandika 230, na vifaa vya pande zote mbili viliendelea kufanya kazi. Umeme wa ukutani wenyewe hupanda na kushuka mchana na usiku, na kifaa kimetengenezwa kikijua hilo. Kinachounguza ni kuvuka kutoka kundi moja kwenda jingine.

Mbili ni za kuangaliwa kwa jicho la pekee. Brazil ina maeneo ya volti 127 na maeneo ya 220, na soketi zake zinafanana, kwa hiyo usidhani mji wa pili ni sawa na ule uliotoka. Saudi Arabia ilikuwa na volti 127 majumbani, ikaamua kuhamia 230. Kwenye jengo la zamani, muulize mwenye nyumba kabla hujachomeka chochote.

Nitajuaje kama kifaa changu kinakubali umeme wa kule?

Soma lebo yake. Kwenye chaja iko ubavuni au chini, mara nyingi herufi za kijivu juu ya plastiki nyeusi, ndogo kiasi kwamba njia rahisi ni kuipiga picha kwa simu kisha kuikuza. Tafuta neno INPUT. Ukikuta imeandikwa hivi:

INPUT: 100–240V ~ 50/60Hz 1.5A

basi nenda nacho popote; unachohitaji ni pini za kuingia ukutani. Ukikuta 220–240V peke yake, au 120V peke yake, kifaa hicho ni cha kundi moja tu.

Angalieni ule mstari mdogo kati ya namba mbili. "100–240V" maana yake ni chochote kilicho katikati. "110/220V" yenye mkwaju mara nyingi maana yake ni moja kati ya hizo mbili, na mahali fulani kwenye kifaa kuna swichi ya kuchagua. Vikausha nywele vya safari huwa na swichi hiyo, kijitundu chenye mfereji unaozungushwa kwa sarafu au bisibisi. Izungushe kabla hujachomeka. Ukirudi nyumbani irudishe, kwa sababu kikausha kilichoachwa kwenye 110 kikichomekwa kwenye 230 hakitakuwa na huruma ya kwamba ni cha kwako.

Usisome OUTPUT ukadhani ndiyo yenyewe. OUTPUT ni ule umeme mdogo unaokwenda kwenye simu au kompyuta, 5V, 20V na kadhalika, nao hauhusiani na ukuta.

Kwa nini chaja ya kompyuta haisumbuki na volti, lakini pasi inasumbuka?

Chaja za siku hizi hufanya kazi ya ziada. Umeme ukiingia, chaja huugeuza kwanza kuwa wa mkondo mmoja, kisha huukatakata mara maelfu mengi kwa sekunde na kuupima upya hadi upatikane ule hasa unaotakiwa. Ikiletewa 100 inakata kwa namna moja, ikiletewa 240 inakata kwa namna nyingine. Ndiyo maana ni ndogo, nyepesi, na haichagui nchi. Chaja za zamani, zile nzito zenye kipande cha chuma tumboni, hazina ujanja huo. Uzito ni dalili nzuri: chaja ndogo iliyo nzito isivyo kawaida, isome lebo mara mbili.

Pasi, birika, kikausha nywele, kibaniko cha mkate na jiko la koili havina akili yoyote ndani. Ni waya unaopata moto. Na moto huo haupandi sawasawa na volti, unapanda kwa mraba wake: volti zikizidi mara mbili, nguvu inazidi mara nne. Chukua kikausha nywele cha wati 1,875 kilichotengenezwa kwa volti 120. Kwenye volti 230 kitajaribu kuvuta karibu wati 6,900. Hakuna koili ya kikausha inayostahimili hivyo. Itakatika fyuzi yake ya joto, au breka ya nyumba, au waya wenyewe, kutegemea kipi kimewahi.

Upande wa pili hakuna moto wa kutisha, kuna kuchoka tu. Birika la wati 2,000 la volti 230, likichomekwa kwenye volti 120, linabaki na wati 544 hivi. Lita moja ya maji iliyokuwa ikichemka ndani ya dakika tatu sasa itahitaji zaidi ya dakika kumi. Halijaharibika, ila chai ya asubuhi itakuchelewesha kazini.

Adapta, konveta na transfoma: vinatofautianaje?

Adapta tumeshaisema. Hizo nyingine mbili ndizo zinazobadili volti, nazo si ndugu kama maduka yanavyoziweka rafu moja.

Transfoma ni chuma na shaba. Ni nzito, huvuma kidogo, hupata joto, na umeme inaoutoa ni msafi, unaofaa karibu kila kifaa mradi isizidiwe. Ile konveta ndogo nyepesi inayojinadi kuwa inabeba wati 1,600 ni kitu kingine kabisa: inakata vipande vya mawimbi ya umeme ili wastani wake ushuke. Koili ya pasi haijali mawimbi yaliyokatwa. Kifaa chenye saketi ndani, hata kikausha nywele cha kisasa chenye vitufe na kioo, kinaweza kufa hapohapo. Kwa maoni yangu konveta hizi hazifai kununuliwa: kazi pekee zinayoiweza ni ya vifaa vya moto, na vifaa vya moto ndivyo vya kununua huko uendako.

Jambo moja la transfoma ambalo muuzaji halisemi: haibadili hezi. Kikiingia 50, kinatoka 50.

Ninunue transfoma ya ukubwa gani?

Tazama wati za kifaa, ongeza nusu yake. Kifaa cha wati 200, transfoma ya 300. Kama kina mota, ongeza zaidi, kwa sababu mota ikianza kuzunguka huvuta umeme mara kadhaa ya ule inaotumia ikishakolea. Friji ndiyo mfano mbaya kuliko yote. Hakikisha pia lebo ya transfoma inataja 50Hz, kwa sababu iliyotengenezwa kwa 60Hz peke yake ikitumika kwenye 50 hupata joto kupita kiasi. Ukimaliza kazi ichomoe, maana hula umeme hata ikiwa haina cha kulisha.

Transfoma ya kubeba pasi au birika ina uzito wa jiwe la kusagia. Ndani ya begi la ndege haina maana.

Hezi ni nini, na zinanihusu?

Umeme wa ukutani hubadili mwelekeo mara nyingi kwa sekunde. Kwingi duniani huenda na kurudi mara 50, na kwingine mara 60: Marekani, Kanada, Mexico, Brazil, Korea Kusini, Ufilipino, Taiwan, Saudi Arabia. Chaja hazijali. Koili hazijali. Wanaojali ni wanaozunguka na wanaohesabu.

Saa ya ukutani au ya redio inayochomekwa kwenye umeme, ile ya aina ya zamani, huhesabu mawimbi hayo ili kujua muda. Ya 60 ukiileta kwenye 50 itachelewa dakika 10 kila saa. Ya 50 ukiipeleka kwenye 60 itawahi dakika 12. Saa ya jiko la maikrowevu hupatwa na ugonjwa huohuo, na maikrowevu zenye transfoma ndani hutengenezwa kwa hezi maalumu, kwa hiyo usihangaike nazo.

Feni na mota za friji hufuata hezi. Feni ya 50 kwenye 60 huzunguka kwa kasi iliyozidi kwa karibu sehemu moja ya tano. Mota ya 60 kwenye 50, kwa volti zilezile, huzunguka polepole na kupata joto, na joto hilo hufupisha maisha yake. Blenda na mashine nyingi za kushonea ni nafuu: mota zake zina brashi za kaboni, na kwa hizo ukipata volti sahihi hezi si tatizo kubwa.

Vinyozi nao wasikilize. Ile mashine ya kunyolea inayochomekwa moja kwa moja, inayonguruma mkononi, haina mota inayozunguka; ina sumaku inayovuta na kuachia wembe kwa kufuata mawimbi ya umeme. Mashine ya Marekani, ya volti 120 na hezi 60, ukiilisha kwa transfoma kwenye nchi ya hezi 50, mapigo yake hupungua kwa moja ya sita, na nywele nzito zitaanza kung'ang'ania. Hapo watu hugeuzageuza skrubu ya ubavuni bila mafanikio yanayoridhisha. Mashine ya kuchaji imeondoa tatizo hili lote.

Japani ina vyote viwili. Mashariki, Tokyo ikiwemo, ni hezi 50; magharibi, Osaka ikiwemo, ni 60. Mwishoni mwa karne ya 19 Tokyo ilinunua mitambo ya Kijerumani na Osaka ikanunua ya Kimarekani, na nchi haijaungana tangu hapo. Tetemeko la Machi 2011 liliposimamisha vituo vya umeme vya mashariki, magharibi haikuweza kusaidia kwa kiasi cha kutosha, kwa kuwa mitambo ya kugeuza hezi kati ya pande hizo ilikuwa na uwezo mdogo. Msafiri mwenye simu na kompyuta hatajua hata kama amevuka mpaka huo.

Kuna aina ngapi za plagi?

Kwa orodha inayotumika zaidi ni aina 15, kutoka A hadi O. Huna haja ya kuzikariri. Pini mbili bapa, pamoja na ile yenye ya tatu ya mviringo, ni za Marekani na Japani. Pini mbili nyembamba za mviringo ni za Ulaya bara. Pini tatu nene za mstatili ni za Uingereza, Ireland, Tanzania, Kenya, Uganda, Malaysia, Singapore na Falme za Kiarabu. Pini bapa zilizolala kishazari ni za Australia, China na Argentina.

Afrika Kusini huwatoa watu jasho. Soketi yake iliyozoeleka hutaka pini tatu kubwa za mviringo, na adapta nyingi zinazoitwa za dunia nzima hazina pini hizo. Nunua yake peke yake. Uswisi na Italia nazo zina soketi zinazopokea plagi nyembamba ya Ulaya lakini zinakataa ile nene ya Kijerumani ya kompyuta au pasi.

Plagi ya pini mbili naweza kuiingiza kwenye soketi ya pini tatu kwa kubonyeza tundu la juu?

Watu wengi hufanya hivyo: kifuniko cha kalamu au mpini wa kijiko cha plastiki kwenye tundu la juu, vijilango vya ndani vinafunguka, plagi ya pini mbili inaingia. Inaingia, ndiyo, lakini haikai. Pini za mviringo hugusa vyuma vya soketi kwa ncha tu, na palipo na mguso hafifu panapata joto, panatoa cheche, mwisho soketi inageuka rangi ya kahawia. Vijilango hivyo viliwekwa ili mtoto asitie kitu, na ukishaizoeza soketi kulazimishwa, huenda visifunge tena.

Kuna jambo la pili. Plagi ya pini tatu za mstatili ina fyuzi ndani, kwa sababu kwenye nyaya za mtindo wa Kiingereza soketi nyingi hulishwa na mzunguko mmoja wenye breka ya ampea 32. Breka hiyo haitashtuka waya mwembamba wa taa yako ukianza kuyeyuka; fyuzi ya plagi ndiyo mlinzi wake. Ukiruka plagi, umeruka fyuzi. Adapta yenye fyuzi ni rahisi kuliko soketi mpya.

Adapta za "dunia nzima" zinafaa?

Kwa chaja, zinafaa. Kwa kitu chochote kizito, hapana. Angalia mambo mawili kabla hujalipa.

Kwanza ni ampea. Adapta ya ampea 6 kwenye volti 230 inabeba wati 1,380. Hiyohiyo kwenye volti 110 inabeba 660 tu. Namba kubwa ya wati iliyochapwa kwenye boksi mara nyingi ni ile ya volti za juu.

Pili ni ethi. Nyingi ya adapta hizi hazina njia ya waya wa ethi, ule wa kijani na njano unaopeleka ardhini umeme uliovuja, hata kama tundu la pini ya tatu lipo mbele. Nyuma yake hakuna kitu. Kifaa chenye alama ya mraba ndani ya mraba kina kinga maradufu na hakihitaji ethi. Kifaa chenye mwili wa chuma na plagi ya pini tatu kinaihitaji, na kukitumia bila hiyo ni kuamini kwamba hakuna waya utakaogusa chuma ndani. Ile hali ya kompyuta ya chuma kukutekenya vidoleni ukiipapasa ikiwa inachaji hutokana na hilo: mara nyingi si hatari, lakini inakuambia ethi haipo.

Naweza kubeba ekstensheni yangu na adapta moja tu?

Ndiyo, na kwa mtu mwenye simu mbili, kompyuta na saa, ni mpango mzuri kuliko kununua adapta nne. Hakikisha tu kwamba ekstensheni yenyewe inakubali volti za huko. Ya Marekani yenye kinga ya umeme wa ghafla imetengenezwa ikidhani chochote kinachozidi 120 kwa mbali ni hatari. Ukiichomeka kwenye 230, kinga hiyo hupasuka, wakati mwingine kwa moshi. Na mzigo wote wa ekstensheni unapita kwenye adapta moja, kwa hiyo chaja tu, si birika.

Kuna njia nyingine ambayo watu huisahau. Chaja nyingi za kompyuta, printa na redio zina waya unaochomoka upande wa kifaa: ule wenye umbo la namba nane, ule wenye matundu matatu kama maua, au ule mnene wa kompyuta ya mezani. Maumbo hayo ni yaleyale dunia nzima. Ukifika, nunua waya wenye plagi ya pale, na adapta huihitaji tena. Kwa anayekaa miezi, hili ndilo jawabu safi kuliko yote.

Nikate plagi nifunge ya huko?

Kama volti ni za kundi lilelile na unahamia kwa muda mrefu, ni sawa, na ni salama kuliko adapta inayoning'inia. Ila rangi za waya zina mtego. Kwenye vifaa vya kisasa vya Ulaya, Afrika na Asia, kahawia ni waya wa moto, bluu ni wa kurudi, kijani na njano ni ethi. Marekani, mweusi ni wa moto, mweupe ni wa kurudi, kijani ni ethi. Kwa mfumo wa zamani wa Kiingereza mweusi alikuwa ni wa kurudi. Fundi aliyezoea rangi za upande mmoja anaweza kufunga kinyume kwa mkono usio na wasiwasi wowote, kwa hiyo mwonyeshe kifaa kimetoka wapi. Fyuzi ya plagi ya Kiingereza iwe ampea 3 kwa kifaa kisichozidi wati 700, na 13 kwa kilichozidi hapo.

Ile soketi ya bafuni hotelini yenye picha ya mashine ya kunyolea ni ya nini?

Ni ya mashine ya kunyolea na mswaki wa umeme. Nyuma yake kuna transfoma ndogo inayotenganisha tundu na umeme wa nyumba, ili mtu mwenye mikono mibichi asipigwe shoti. Uwezo wake ni wa wati chache. Ukichomeka kikausha nywele, hakitazunguka.

Televisheni na redio?

Televisheni nyingi mpya zinakubali 100–240V, kwa hiyo zitawaka. Kupokea matangazo ya antena ni jambo jingine: Marekani, Kanada na Korea Kusini wana mfumo wao wa dijitali, Japani na Brazil wana wa kwao, China wa kwake, na Ulaya pamoja na sehemu kubwa ya Afrika wana wa kwao. Televisheni kutoka mfumo mmoja haitaona chaneli za mwingine, ingawa kwa waya wa HDMI au intaneti itafanya kazi kama kawaida. Redio ya Japani ya FM huanzia 76 MHz, na ya zamani huishia 90, hivyo nje ya Japani inakosa vituo vingi.

Taa ya mezani niliyopewa zawadi?

Taa inayotumia balbu ya kawaida ndiyo rahisi kuliko vifaa vyote: badilisha balbu iwe ya volti za pale, usizidishe wati zilizoandikwa kwenye kishikio. Usibebe balbu zenyewe. Balbu ya skrubu ya Marekani na ya Ulaya zinapishana kipenyo kwa milimita moja tu, na moja huingia kwenye nyumba ya nyingine bila kulalamika, hadi ukiwasha.

Pawabenki inaruhusiwa kwenye ndege?

Inaruhusiwa kwenye begi la mkononi, hairuhusiwi kwenye mzigo unaokabidhiwa. Kikomo cha kawaida ni wati-saa 100. Kati ya 100 na 160 unahitaji kibali cha shirika la ndege. Kama imeandikwa mAh tu, zidisha kwa 3.7 kisha gawanya kwa 1,000: ya 20,000 mAh ni wati-saa 74, inapita. Kwa safari za ndani ya China, tangu tarehe 28 Juni 2025, pawabenki isiyo na alama ya 3C, ile ya uthibitisho wa usalama wa China, inazuiwa.

Natumia mashine ya kupumulia usingizini. Nifanyeje?

Nyingi zina chaja ya 100–240V, lakini hii usiikisie, isome. Beba mkononi, beba barua ya daktari, beba adapta mbili. Liarifu shirika la ndege mapema kama utaihitaji angani.

Simu yangu inachaji polepole tangu nifike kwenye nchi ya volti 110. Ni volti?

Si volti. Chaja inatoa kilekile. Tazama kama adapta imelegea, au kama umeacha chaja yako ukachomeka kwenye tundu la USB la ukutani, ambalo mengi ni ya zamani na dhaifu.

Nahamia kabisa. Nisafirishe friji na mashine ya kufulia?

Kama nchi zote mbili zina volti za kundi moja na hezi zilezile, fanya hesabu ya mzigo uone. Kama zinatofautiana volti, viuze. Transfoma ya kulisha friji itakaa imewashwa usiku na mchana, itakula umeme wake, na kompresa bado itakuwa kwenye hezi isiyo yake. Mashine ya kushonea, blenda nzuri na vifaa vya ufundi vyenye brashi vinaweza kustahili transfoma moja inayotumika kwa zamu. Na friji ya volti 230 usiijaribu kwenye 120 "uone tu": mota isiyo na nguvu ya kuanza hukaa ikinguruma mahali pamoja na kujichoma.

Nimeshachomeka kifaa cha 120 kwenye 230, kikapiga kelele kikanyamaza. Kimekufa?

Kichomoe kwanza, na kama kwenye soketi pana alama nyeusi usiitumie tena. Kama kilichoungua ni chaja ya nje, mara nyingi yenyewe ndiyo iliyokufa na kompyuta au spika imepona. Jaribu kwa chaja nyingine yenye OUTPUT ileile na ncha ileile. Kikausha nywele au pasi huwa na fyuzi ya joto ndani, na ikiwa ndiyo pekee iliyokatika, fundi huibadilisha. Transfoma ndogo iliyojengwa ndani ya redio ya zamani ikiungua, gharama ya kuisuka upya hupita thamani ya redio.

Kikiwa kimetoa moshi usikichomeke mara ya pili kuhakikisha. Wala usifungue chaja muda huohuo kwa udadisi, kwa sababu kapasita kubwa ya ndani huweza kubaki na umeme hata baada ya kuchomolewa, na bisibisi ikiigusa utaruka.